Udi na Nzohe

Mzee Dawudi alitaka jambo moja tu kabla macho yake hayajafunga duka: kumwona nzohe.

Hakuitaka Makka. Makka, alisema, mtu huenda hata akiwa kipofu, wenzake wakamshika mkono na Mungu akapokea. Hakuona haraka ya kumtazama mjukuu wake mpya, kwa sababu mjukuu unaweza kumpapasa uso ukamjua. Nzohe hapapaswi. Yule ni swala wa majini, mwenye kwato ndefu zilizotanuka, anayetembea juu ya matete yaliyooza bila kuzama, na akishtuka hujitumbukiza mwili mzima akabakiza pua tu juu ya maji. Huyo unamwona kwa macho au unamkosa.

Maimunah, mkewe, alijua hamu hiyo ilikoanzia. Kwa miaka mingi Dawudi aliendesha basi la Port Bell. Kila Jumapili alizichukua familia za watu mjini, akazishusha kwenye lango la bustani ya ziwani, akaligeuza basi lake kivulini na kusubiri. Jioni walirudi na matope miguuni, watoto wameshika manyoya ya ndege, na basi zima lilikuwa na habari moja. Tumemwona. Hatukumwona. Pembe zake zimejisokota hivi, tazama. Dereva alisikiliza mkono ukiwa kwenye gia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka lango, maana basi la watu haliachwi peke yake. Alijiambia ataingia akistaafu. Alipostaafu ikaja presha ya macho.

Daktari alimweleza kwamba uoni wake unaliwa kuanzia pembeni, kama kitambaa kinachoungua kwenye pindo. Kilichobaki ni tundu la katikati, na tundu lenyewe linazidi kufinyaa.

"Tembea, mzee," daktari alisema. "Tazama vile unavyopenda kuvitazama." Kisha aliangalia mlango na kupunguza sauti, kama watu wote walivyokuwa wakipunguza sauti miaka hiyo ya utawala wa jeshi, hata wakitaja dawa. "Haya matone yakiisha, sijui kama yatakuja mengine."

Ndiyo wakaanza kwenda bustanini kila Jumapili.

Safari yenyewe ilianza Jumamosi jioni, katika nyumba yao ya Naguru. Maimunah alitia makaa kwenye chetezo, akanyunyiza vipande vya sandali na udi, akafunika kwa tenga na kutandaza juu yake kanzu ya mumewe, fulana yake, kofia yake, hata leso. Halafu alijifukiza mwenyewe, nywele na nguo. Mwilini alijikanda dilka, ule mchanganyiko wa unga wa mtama, karafuu na sandali ambao mama yake alimfundisha kuusaga akiwa mwari. Kwa Wanubi mambo hayo si mapambo. Mwanamume akitoka nyumbani bila harufu, watu huulizana kama mkewe anaumwa au amerudi kwao. Mwaka ule sabuni ilikatwa vipande vidogo kama halua na sukari ilikuwa kitu cha kusimulia, lakini udi nyumbani kwa Maimunah haukukatika. Mwanawe Uthman aliendesha lori la kahawa kwenda Mombasa, na hakurudi kamwe bila kifurushi cha mama.

Harufu hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Dawudi alikataa katakata kushikwa mkono njiani.

"Mimi si mbuzi wa kuvutwa," alisema. "Wewe tangulia. Nitafuata pua."

Na kweli alifuata. Maimunah alitembea mbele katika gurubaba yake, ile nguo ya shanga kiunoni wanayovaa wanawake wa Kinubi, na Dawudi akaja nyuma yake wima, mikono mgongoni kama mkaguzi wa mabasi. Mke akikata kulia, naye alikata kulia. Mtu asiyewajua hakuweza kusema nani anamwongoza nani.

Bustani ilikuwa nzuri kuliko alivyoisikia akiwa kwenye usukani. Njia ya udongo mwekundu iliteremka kati ya miti mikubwa yenye tumbili, ikapita uwanja wa nyasi walipotembea korongo wenye taji, kisha ikaingia kwenye mafunjo. Mwisho wake palikuwa na kichanja cha mbao juu ya maji, na benchi. Waliketi pale. Maimunah alikuwa na namna yake ya kumwonyesha mumewe vitu: alimshika kidevu kwa vidole viwili na kukigeuza polepole mpaka lile tundu lake lilipokutana na kitu chenyewe.

"Hapo. Unaona?"

"Naona tawi."

"Shuka."

"Aa! Mdiria! Tazama mdomo wake. Anamchapa samaki kwenye mti kama dobi na shati!"

Waliona furukombe akiinua samaki mzito mpaka akakaribia kuanguka naye. Waliona kenge mkubwa akiota jua huku akidharau kila kitu. Nzohe hawakumwona. Jumapili ilikwenda, nyingine ikaja, na nzohe hakutokea.

Na watu nao walikuwa kama nzohe. Miaka hiyo, katika mji wa Kampala, Kiswahili kilikuwa na mlio wa buti, na Kinubi, lugha ya wakubwa wengi wa jeshi, kilizidi. Wazee hawa wawili wakiteremka njiani wanacheka kwa lugha yao, familia zilizotandika mikeka zilinyamaza, halafu mama mmoja angekumbuka kwamba mvua inakuja, na mikeka ikakunjwa. Maimunah aliwasalimia wote. Walimjibu vizuri sana, vizuri kupita kiasi, wakiwa tayari wamesimama.

Mlinzi wa bustani, kijana mfupi, mwembamba, aitwaye Ongom, ndiye aliyewachekesha zaidi na kuwaumiza zaidi. Siku ya kwanza Dawudi alimuuliza nzohe hupatikana wapi. Ongom alibana visigino.

"Kule kwenye kichanja, afande."

"Afande wa wapi? Mimi nilikuwa dereva wa basi."

"Ndiyo, afande dereva."

Kila Jumapili ilikuwa hivyo. Ongom aliwasindikiza kwa mbali, akapanua pua, akafungua mdomo kama mtu mwenye neno, akaufunga. Wakitoka mikono mitupu aliwaambia, "Labda Jumapili ijayo, afande." Na njiani kurudi Dawudi alijikuna shingo. "Huyu mtoto akiniita hivyo tena," alisema, "nitaanza kujiogopa mwenyewe."

Mwezi ule tundu lilifinyaa. Maimunah alijua, ingawa Dawudi hakusema, kwa sababu sasa ilimlazimu kukigeuza kile kidevu mara nyingi ndipo mdiria apatikane.

Kisha dada yake Maimunah, Kulusum, akafariki huko Bombo.

Katika msiba wa Kinubi chetezo huzimwa. Maimunah alikaa matangani Bombo na mumewe, bila udi, bila dilka, katika nguo ya kaniki aliyoazimwa na wenyeji, na waliporudi Naguru hakuwa na moyo wa kuwasha makaa. Alitaka kufanya kazi ya mikono. Alikuwa ameanza kusuka mkeka akiwa na dada yake, na sasa aliazimia kuumaliza. Ukindu mzuri ulikuwa ziwani, pembeni ya bustani, na walinzi waliwaruhusu wanawake kuukata siku za kazi. Basi akaenda, siku ya katikati ya juma, peke yake, na kaniki yake na kisu.

Alikuwa amechutama kwenye ukindu, anakata na kulia kidogo, anakata na kulia kidogo, alipohisi kwamba anatazamwa.

Nzohe alisimama kwenye maji, karibu kiasi kwamba Maimunah aliyaona matone yakidondoka kutoka kidevuni mwake. Manyoya yake yalikuwa marefu, yameloa, rangi ya chai ya rangi. Pembe zilijisokota hivi, kweli, kama walivyosema abiria. Alikuwa anatafuna jani la funjo na kumtazama mwanamke huyu bila wasiwasi wowote.

"Umekosea mtu," Maimunah alimwambia kwa Kinubi, taratibu. "Si mimi. Ni mume wangu."

Nzohe aliendelea kutafuna. Kisha upepo uligeuka, ukatoka ziwani ukaja kwa Maimunah, ukamletea harufu ya mnyama yule, nzito, ya matope na majani. Hapo hapo akaelewa. Alijinusa kiganja. Alinusa kaniki. Hakukuwa na kitu. Kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mwari, Maimunah hakunukia.

Alimkuta Ongom kwenye kibanda chake karibu na lango, anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli.

"Ongom. Ulijua?"

"Nilijua nini, mama?"

"Nzohe anakimbia udi wangu."

Ongom alitazama barabara, juu na chini. "Mama, mimi sijui kitu."

"Unalinda wanyama kila siku na hujui kitu? Tumekuja hapa mpaka benchi limeshika umbo letu! Mume wangu anaishiwa na macho, na wewe umesimama pale unapanua pua!"

Kijana aliweka chini kopo la mafuta. Alisema polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Mama, ningeanza wapi? Nimwambie mzee wa Kinubi, 'Mzee, mke wako ananuka'?"

Cheko lilimpanda Maimunah, akalizuia.

"Mimi ni mtu wa Lira, kwa watu wanaosakwa," Ongom aliendelea. "Kaka yangu hakusema hata neno dogo kama hilo. Askari walimchukua kazini, na mpaka leo mama yetu anamwekea chakula."

Maimunah aliketi juu ya mzigo wake wa ukindu.

"Hatuna mtu jeshini," alisema baadaye. "Mwanangu anabeba kahawa."

"Ndiyo, mama. Lakini nitajuaje?"

Maimunah alifungua kitambaa chake, akatoa gurusa, chapati nyembamba za Kinubi alizofunga kwa ajili ya mchana, akaigawa moja katikati.

"Kula. Na uache kumwita mume wangu afande. Anaanza kujiogopa mwenyewe."

Ongom aliitazama ile nusu. Kisha aliketi kwenye kizingiti cha kibanda chake na kula.

Nyumbani mambo hayakwenda kama Maimunah alivyopanga. Alikuwa ameazimia kuanza na habari ya udi, lakini mdomo ulitangulia.

"Baba Uthman, nimemwona."

Dawudi aligeuza uso, tundu lake likimtafuta. "Nani?"

"Nzohe."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mzee alisogeza kikombe chake cha chai mbali, akajikunja kama mtoto aliyenyimwa safari. Maimunah alimwacha. Kisha akaketi karibu naye na kumsimulia yote: kaniki, upepo, Ongom, "mke wako ananuka". Kwenye neno hilo mabega ya Dawudi yalitikisika.

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Ana moyo, yule kijana." Halafu akakaza uso tena. "Sitakwenda."

"Kwa nini?"

"Nitoke nyumbani kwangu sinukii, kama mtu aliyefukuzwa na mkewe? Naguru nzima itaniletea pole."

"Tutapanda basi la kwanza. Hakuna wa kukunusa."

"Sitakwenda, Mama Uthman."

"Sema kweli. Si Naguru hiyo."

Uani jirani alikuwa anatwanga karanga.

"Wewe hujui," Dawudi alisema. "Asubuhi nikiamka, naona kona moja tu ya dari. Nikitaka kujua uko wapi navuta pumzi. Yuko jikoni. Yuko uani. Amevuka kwa jirani, atarudi sasa hivi. Tangu msiba huu navuta pumzi, sikupati. Nimekaa humu ndani kama mtu aliyefiwa na wewe. Sasa unataka nikupoteze tena, na kule porini, kwa ajili ya swala?"

Maimunah alikuwa na majibu mengi katika maisha yake ya ndoa, na alijulikana kwa hilo. Safari hii ilibidi atafute.

"Nitakushika mkono," alisema.

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu, mbele za tumbili, mbele ya kenge."

"Kama mbuzi."

"Kama bwana harusi, mzee mpumbavu wewe."

Alivuta chai yake karibu, akanywa, akalalamika kwamba haina sukari. Maimunah akajua kwamba watakwenda.

Lakini palikuwa na tatizo. Jumamosi alitoa nguo zote za Dawudi sandukuni na kuzinusa moja moja. Zote zilinukia udi. Alizifua kwa maji matupu, akazianika kwenye upepo, akazifua tena. Bure. Miaka yote ile ya chetezo ilikuwa imeingia kwenye nyuzi, na hata shuka na pazia havikuwa na nafuu. Yeye mwenyewe alikuwa na kaniki yake. Dawudi hakuwa na kitu, na mtu hawezi kumpeleka mumewe kwa nzohe akiwa uchi.

Walifika bustanini alfajiri, Dawudi akiwa katika kanzu iliyonukia licha ya yote. Ongom aliwasubiri langoni. Maimunah alimweleza, naye akakuna kichwa, akaingia kibandani. Alitoka na sare yake ya pili: suruali ya kaki na shati la kaki lenye viraka viwili, vimefuliwa, vimekunjwa, vinanuka baiskeli na moshi wa kuni.

"Hii wanaijua," alisema. "Hawaikimbii."

Dawudi alizipokea kwa mikono miwili. Alizishikashika nguo zile, akayapata mabega, vifungo, mfuko wa kifuani. Alielewa anapewa nini, na ni nani anayempa. Aliingia kibandani, akachukua muda mrefu na vifungo, na alipotoka suruali ilimfika juu ya kifundo na kuvuta kiunoni. Akasimama wima, akabana visigino.

"Haya. Sasa ndiyo nimekuwa afande kweli."

Ongom alijaribu kujizuia. Aliangalia chini, akaangalia mti, kisha akacheka kwa sauti, kicheko kikubwa cha mtu aliyekisahau, mpaka tumbili wakamjibu.

"Twende, mzee," alisema. "Twende kabla jua halijapanda."

Maimunah alimshika mumewe mkono. Mwanzoni mkono ule ulikaa ndani ya wake kama kitu kilichoazimwa. Kwenye mteremko ukaanza kukaza. Ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi na korongo walisimama ndani yake nusu nusu, vichwa na mataji tu. Hapakuwa na mtu wa kukunja mkeka. Ongom alitangulia, miguu yake haisikiki, na kila palipokuwa na mzizi aligeuka na kuuonyesha kwa kidole, naye Maimunah akaubana mkono wa mumewe ili anyanyue mguu.

Waliketi kwenye benchi. Ongom alichutama nyuma yao. Walisubiri. Vyura walinyamaza wakaanza tena. Dawudi alivuta pumzi mara moja, kwa mazoea, akatafuta, akakosa, na Maimunah akahisi vidole vyake vikiulizia. Akavijibu.

Mafunjo yakatikisika upande wa kushoto.

Maimunah alimshika kidevu. Alikigeuza taratibu, kidogo, kidogo tena, akakishusha, akakizuia pale. Alitazama uso wa mumewe badala ya kutazama maji, na hivyo ndivyo alivyojua: mdomo wake ulifunguka, na ule mkunjo aliokuwa nao kati ya nyusi tangu siku ya daktari ukafutika.

Nzohe alitoka kwenye ukungu hatua kwa hatua. Alinyanyua kwato zake ndefu na kuzilaza juu ya matete, akingoja kila mara yamzoee.

"Anashuka kama bibi kizee kwenye ngazi ya basi," Dawudi alinong'ona. Machozi yalimteremka bila yeye kuyajali. "Dereva angoje. Angoje mpaka afike chini."

Maimunah alidhani watakaa mpaka mnyama aondoke mwenyewe. Lakini mumewe alitazama, akatazama, kama mtu anayekunja kitu vizuri kabla ya kukiweka sandukuni, kisha akaliondoa lile tundu lake majini. Likapanda kwenye benchi, likapita mkononi, begani, likahangaika kidogo, likafika usoni mwa Maimunah na kutulia.

"Nimemwona," alisema. "Sasa twende nyumbani ukawashe chetezo. Tangu alfajiri sijui uko wapi."

"Si nimekushika mkono?"

"Mkono ni mkono tu."

Alilisema hilo kwa sauti yake ya kawaida ya dereva, na nzohe akatumbukia. Ilibaki pua ndogo nyeusi juu ya maji, kati ya mafunjo, na wote watatu wakacheka.

Walipanda njia wakiwa wameshikana mikono, na familia za kwanza zilikuwa zinaingia. Mama mmoja aliiona ile kaki, akashika mkeka wake. Kisha akaiona suruali iliyoishia juu ya kifundo, na kikongwe aliyevaa suruali hiyo akiongozwa na mkewe kama bwana harusi, na Ongom nyuma yao akijifuta machozi ya kicheko. Mkeka wake aliutandika palepale.

Jumapili iliyofuata Maimunah alirudisha sare. Alikuwa ameifua, ameitia viraka vipya na kuipiga pasi. Na kwa kuwa mwanamke wa Kinubi hawezi kurudisha nguo ya mtu hivi hivi, kama mtu asiye na mama, alikuwa ameitandaza juu ya tenga usiku kucha.

Ongom aliipokea, akainusa, akamtazama.

"Mama," alisema. "Wanyama wangu."

"Watakuzoea," alisema Maimunah.

Ongom aliivaa. Wiki nzima hakuna mnyama aliyemsogelea, na hakuifua.